Gemu za openi woldi zimekua kazi ya kufuata mshale tu, na boda yeyote atakwambia mshale ni muongo

Pikipiki_ya_Mkopo (mleta uzi)

Wakuu salama? Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite kimya kimya sina ugomvi nae.

Nimemaliza wiki mbili nacheza gemu moja ya openi woldi, zile za dunia iko wazi unazurura utakavyo, nimeazima kwa jamaa yangu. Jina silitaji maana zote siku hizi ni zile zile, unapanda mnara, ukifika juu ramani inafunguka inamwagika vialama kama mtu kapindua gunia la choroko, sanduku hapa, kambi pale, manyoya kule, alafu kazi yako wewe ni kuzunguka unafuta kimoja kimoja mpaka ramani iwe safi. Siku za mwanzo hizo nimecheza masaa matatu nikazima nikalala. Asubuhi waifu ananiuliza jana ulikua unacheza nini mpaka saa saba, nikashindwa kumjibu. Sikumbuki mlima hata mmoja. Nakumbuka kamstari ka njano kwenye kona ya kioo, nimekafuata masaa matatu kama kuku anafuata punje.

Sasa mi kazi yangu ni kupeleka mizigo kwa pikipiki, mwaka wa tano huu, nachukua Kariakoo napeleka popote, Mbezi, Chanika, Kigamboni, na mteja siku hizi kitu cha kwanza anasema "nakutumia lokesheni". Sawa tuma. Ila mi najua kabisa nikifuata kile kidoti nitaishia ukutani, au upande wa pili wa mtaro ambao hauna daraja, au nyuma ya nyumba yake nasikia mpaka watoto wake wanacheza ila geti liko mtaa mwingine. Kidoti kinajua wewe uko wapi, hakijui mtu anafikaje hapo. Kwaiyo nampigia namuuliza swali moja tu, "dada uko karibu na nini?" Hapo ndo kazi inaanza. "Njoo Tabata Dampo, ingia na ile ya vumbi, pita duka la mangi la kijani, utakuta njia panda ina mkaanga chipsi, kata kulia, ukifika msikitini ujue umepitiliza."

Hiyo ya mwisho wakuu. UKIFIKA MSIKITINI UJUE UMEPITILIZA. Huyo dada kafikiria mpaka kosa nitakalofanya na kaniwekea alama ya kosa langu. Na angalieni anaponianzishia safari, Dampo! Dampo lenyewe halipo miaka na miaka, kuna watu wamezaliwa baada ya kufungwa na sasa wana watoto wao, ila makonda anaita na abiria anashuka, hakuna anaeuliza takataka ziko wapi.

Ndo nikajikuta najicheka. Mchana kutwa nalaani mshale, jioni nakaa kwenye kochi natafuta burudani ya kuongozwa na mshale.

Turudi nyuma kidogo. Mi gemu nimejifunzia Keko, kibanda cha mabati, TV za kichogo nne, PS2 zimechipiwa, pedi zimefungwa raba bendi. Sheria ya GTA San Andreas pale kibandani ukifa au polisi wakikukamata unampisha mwenzio, kwaiyo watu walikua wanaendesha gari kwa heshima kuliko wanavyoendesha barabarani. Kodi za kudanganya gemu (cheat codes) tumeandika nyuma ya daftari la sayansi, R1 R2 L1 eksi alafu kushoto chini kulia juu mara mbili, afya na hela zinajaa. Ila kitu ambacho wengi wamesahau, ile gemu ya 2004 haikua na mstari wa kukuonesha njia. Ilikua na alama ya unapoenda basi, barabara za kufika huko unazijua mwenyewe. Mstari umekuja na GTA IV mwaka 2008. Ndo maana mpaka leo nina miaka thelathini na kitu ukinishusha Grove Street nakupeleka jim ya Ganton nimefumba macho, nakupeleka Idlewood, nakupandisha Vinewood, wakati hio gemu nimecheza wiki mbili mwezi huu huu siwezi kukutoa kijiji cha kwanza kwenda cha pili.

Nawasikiliza.

mzee_wa_kichogo

Siti ya mbele, nina karanga na maji. Endeleeni

Chuma_cha_Doto

Mkuu na heshima zako ila hapa unatuuzia utoto wako. Ulikua mdogo huna kodi ya nyumba huna mtoto, ulikua na siku nzima ya kupotea Los Santos. Mi nina mtoto wa miezi nane, mama ake akimbeba napata lisaa limoja na nusu, sasa katika hilo lisaa unataka nizunguke porini nauliza njia kwa vibonzo? Nipe mshale wangu nifike nimpige joka nikalale. Kumbukumbu zako za Grove Street sio sababu ya gemu, ni sababu uliirudia mara elfu moja maana CD ndo ilikua hio hio.

Alafu San Andreas yenyewe hio mnayoiabudu ilikua ndogo tu. Si mmeiona ilivyorudishwa 2021?

Pikipiki_ya_Mkopo

Chuma umenipa mpira mguuni.

Hio ya 2021 ndo ushahidi wangu namba moja. PS2 haikua na nguvu ya kuchora vitu vya mbali, kwaiyo jamaa wa Rockstar walioitengeneza wakaweka ukungu, mbele yako unaona mita kadhaa alafu weupe. Na barabara za shamba wamezipinda pinda, hakuna njia nyoofu ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine, unazunguka kilima, unapita daraja, ukitoka upande wa pili unahisi umesafiri kutoka Dar mpaka Moro. Sasa waliporudisha ile gemu Novemba 2021 wakasema mitambo ya sasa ina nguvu tuondoe ukungu. Watu wakapanda Mlima Chiliad wakaangalia chini. Los Santos ile pale, San Fierro hii hapa chini ya pua, Las Venturas kule, miji mitatu imekaa kama vibanda vya Sabasaba. Ramani haijapungua hata hatua moja ila dunia imekufa. Mpaka mwaka 2024 ikabidi watoe marekebisho ya kurudisha hali ya hewa ya zamani.

Kwaiyo ukubwa wa dunia sio kilomita, ni vile vitu ambavyo huvioni bado. Wakikuonesha vyote mara moja hata wakikupa bara zima ni uwanja wa mpira tu.

Hilo la lisaa na nusu nitalirudia, lina ukweli ndani yake.

Steji_ya_GM

Niko Nairobi na nimecheka hiyo ya Dampo mazee. Huku kwetu ni hivo hivo. Kuna steji Mombasa Road inaitwa GM, kampuni ya General Motors ilibadilisha jina ikawa Isuzu tangu 2017, kibao kikang'olewa, lakini wewe jaribu kumwambia makanga akushukishe Isuzu akuangalie. Na Allsops pale Thika Road, uliza kijana yeyote kama amewahi kuona kiwanda cha pombe hapo. Watu wa nduthi, boda za huku, wanaishi na ramani ya vitu ambavyo havipo.

Lakini mleta mada umeanza hadithi katikati. Kabla ya CJ wa San Andreas kulikuwa na gemu ya Morrowind, 2002, na hiyo ndio ilikuwa inaongea kama huyo dada yako wa msikiti. Wazee wa PC mnanielewa.

Pikipiki_ya_Mkopo

Steji ya GM njoo nikununulie chai.

Kwa ambao hawaijui hii kitu. Unashuka kwenye meli ya wafungwa, kijiji cha Seyda Neen, wanakupa kifurushi wanakwambia peleka Balmora kwa mtu anaitwa Caius Cosades. Wapi Balmora? Hakuna mshale. Unaambiwa ukifika ulizia kilabu cha South Wall, pale wanamjua. WAKUU. Hio si ndo kabisa "ukifika ulizia kwa mama ntilie watakuonesha"? Mi nilivyoicheza miaka ya baadae kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba nikahisi walioiandika wamewahi kupeleka mzigo Tandale. Na usafiri wao ni mdudu mkubwa kama ghorofa, ana miguu mirefu, wamemchonga mgongoni abiria wanakaa humo, anaenda vituo vyake tu, hakupeleki mlangoni. Daladala hio. Ukishuka unamalizia kwa mguu.

Na maelekezo yenyewe yapo kwenye daftari lako, fuata barabara ya kaskazini, ukiona daraja usivuke, sijui pinda kwenye mwamba, na mara nyingine anaekuelekeza kakosea! Watu walilalamika sana enzi hizo. Mi naona ndo utamu wenyewe, maana hata huku mtu akikwambia "ni hapo mbele tu" wewe jiandae na nusu lita ya mafuta.

Alafu wale wale waliotengeneza Morrowind wakaja na Skyrim 2011, mshale juu ya kioo, kila kitu kina mshale, mpaka ufunguo uliodondoka chini ya kitanda una mshale. Imeuza kuliko Morrowind mara nyingi sana, hilo silibishi.

fundi_wa_pedi

Mkuu unasahau kua tatizo sio mshale peke ake. Wachina wa kwenye simu, Wafaransa, Wamarekani wote wanashindana "ramani yetu ni kubwa mara mbili ya ile ya mwanzo". Wanauza gemu kama wanavyouza viwanja Bagamoyo, eka nyingi hakuna maji.

Ila kuna waliojitahidi, tuwe wakweli. Zelda ya 2017 ina minara, unapanda, ila ukifika juu inakupa umbo la nchi tu, mito na milima, alama unaweka mwenyewe kwa kuangalia na macho, "pale kuna moshi nitaenda". Ghost of Tsushima wamefuta ramani ya kwenye kona, ukitaka njia unaamsha upepo, majani yanalala upande unaoenda. Na Elden Ring 2022, ramani ni kipande kipo chini ya jiwe fulani barabarani, usipokiokota unatembea gizani.

Chuma_cha_Doto

upepo nao si mshale tu umevaa kanzu?

fundi_wa_pedi

😂😂 Chuma wewe. Ni mshale ndio, ila unakulazimisha uangalie nyasi. Ule mwingine unakulazimisha uangalie kona ya TV.

kijana_wa_Majohe

Na Red Dead Redemption 2 (RDR2), ile ya kauboi, je? Msiniguse RDR2

Pikipiki_ya_Mkopo

Majohe mdogo wangu tulia. RDR2 ya 2018, ya Rockstar hao hao, ni kazi ya sanaa, hakuna anaebisha. Hawa jamaa wamekaa wakapanga mpaka korodani za farasi zinajikunja kwenye baridi. Mtu mzima, ana digrii, kalipwa mshahara kwa hilo. Matope yanashika buti, ndevu zinaota, mzoga unaoza siku hadi siku.

Ila sasa ingia misheni. Umeambiwa mfuate Dutch, bosi wa genge lenu, wewe ukaona bora nizunguke nyuma ya banda niwavamie kwa mlango wa uani. Umefeli, umeacha njia, anza upya. Farasi ana uhuru na korodani zake kuliko wewe na akili yako. Dunia iko wazi misheni imefungwa kamba. Hili tatizo Rockstar wanalo miaka mingi na sidhani kama watalitatua kwenye hio GTA VI yenu iliyosogezwa kutoka 2025 ikaja Mei 2026 ikasogezwa tena Novemba 2026.

Shangazi_wa_Kimara

Mimi si mtu wa magemu, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari, nilidhani mnazungumzia boda. Nimesoma mpaka hapa na nina neno.

Wewe mwanangu wa pikipiki umesifia sana hayo maelekezo ya duka la mangi na mkaanga chipsi. Mwaka jana mama yangu presha ilipanda saa tatu usiku, umeme hakuna mtaa mzima, nikaita gari kwa simu. Dereva kafika barabara kubwa ananiuliza niko wapi. Namwambia geti la bluu, mkabala na mti wa mwarobaini. Kwenye giza geti lipi la bluu? Mwarobaini gani? Mkaanga chipsi keshafunga kaenda kwake. Yule kijana alikuwa mgeni, hata huo msikiti hakuujua, akaniambia mama samahani nimezunguka mara tatu. Nikamwacha mama na mjukuu wangu wa darasa la sita nikatoka na tochi ya simu nikamfuata mwenyewe barabarani, na kandambili. Mama yuko mzima namshukuru Mungu.

Alama zenu hizo ni za wenyeji na ni za mchana. Mtu akiwa mgeni, au haoni vizuri, au ni usiku, zinamtupa. Na uchungu wangu ni huu, mlangoni kwangu kuna kibao cha namba ya nyumba, wale vijana wa anwani za makazi walipita 2022 kabla ya sensa wakakibandika, na mimi siku ile hata sikuijua namba yangu mwenyewe. Siku ya pili yake niliinakili kwenye karatasi nikaibandika karibu na swichi ya taa. Mjukuu keshaikariri.

mzee_wa_kichogo

Shangazi kaingia na hoja nzito kuliko sisi wote. Karanga zimenikwama kooni

Pikipiki_ya_Mkopo

Shikamoo shangazi. Pole sana na nafurahi bibi yuko salama.

Sina la kukubishia. Na nitakuongezea kitu kibaya zaidi, sisi wenyewe wapeleka mizigo namba hatuziulizi. Tangu 2022 nadhani wateja walionitajia namba ya nyumba na jina la mtaa hawafiki kumi, na mi mwenyewe sijawahi kuwauliza, nauliza "karibu na nini" kwa mazoea. Mtaani kwetu mlingoti wa kibao cha mtaa upo, kibao chenyewe wauza chuma chakavu walishapita nacho. Kwaiyo sirikali imeweka mshale, sisi tumegoma kuufuata, na siku ya siku mgonjwa ndo anaumia. Kwenye maisha halisi nautaka mshale, tena uliyonyooka, wenye namba, unaowaka usiku.

Ila gemu shangazi, hakuna mama wa mtu mwenye presha ndani. Gemu nalipia ili nipotee. Mtu akinipeleka moja kwa moja kaniibia kile ninacholipia.

Shangazi_wa_Kimara

Marahaba. Basi pumbavu wewe unalipia kupotea wakati ungekuja Kimara ukapotea bure 😄

Chuma_cha_Doto

Shangazi 🤣🤣 umemuacha huyu hana majibu.

Haya mkuu si uzime mshale kwenye setingi? Gemu karibu zote za sasa unaweza kuzima ramani ya kona, mstari, kila kitu. Wanaotaka mshale tubaki nao wewe zima. Kesi imeisha.

Pikipiki_ya_Mkopo

Chuma haijaisha, na hapa ndo nilikua nataka tufike toka mwanzo.

Nimezima. Hio gemu ya wiki mbili nimeizima kila kitu siku ya nne. Unajua nini kilitokea? Mzee mmoja kijijini ananiambia "mwanangu katekwa, nisaidie", nikasubiri aniambie katekwa wapi, kanyamaza. Hana sentensi nyingine. Maana waliomwandika walijua mshale utamalizia. Nikabaki nimesimama mbele ya mzee analia na sijui niende kaskazini au kusini. Ni sawasawa na mteja kakutumia pini alafu kazima simu. Ukiondoa pini hapo hujapata uhuru, umepata mzigo usio na mwenyewe.

Ndo maana kuzima sio dawa. Ile gemu inabidi iandikwe toka mwanzo na mtu anaejua mchezaji hana mshale, yule mzee aseme "wamemchukua kuelekea machimboni, fuata mto, ukifika kwenye mnazi uliokatika umepitiliza". Inahitaji mwandishi, inahitaji msanii achore huo mnazi sehemu moja tu asiurudie mara mia nne kwenye ramani, maana ukiurudia haufai tena kuwa alama. Hio ni gharama. Mshale ni bure. Ubisoft, hao Wafaransa mnaowasema kila siku, walijaribu kwenye Assassin's Creed ya Ugiriki, ile Odyssey ya 2018, ukianza inakuuliza unataka kuongozwa au unataka kutafuta, ukichagua kutafuta unaambiwa kwa maneno, ni mkoa fulani, kusini mwa kitu fulani, unamrusha tai wako anakagua. Mi niliipenda sana ile japo gemu yenyewe ndefu kama foleni ya Mbagala.

Na wewe wa lisaa na nusu, nimekuahidi jibu. Mi pia nina watoto wawili Chuma. Ila hebu jiulize katika hilo lisaa lako, joka ulilompiga mwezi uliopita alikua wapi? Upande gani wa nchi? Ulimfikiaje? Ukinijibu nakutumia soda.

Chuma_cha_Doto

...
alikua kwenye mlima
mlima wenye theluji
ah mkuu niache

Steji_ya_GM

Soda imeenda 😂

fundi_wa_pedi

Wakati mnabishana kuhusu mshale mi nina uchungu mwingine na unaingia humu humu kwenye mambo ya anwani.

Hio Ghost of Tsushima niliyoisifia. Ilipokuja kwenye PC, Mei 2024, nchi na maeneo zaidi ya 170 hatukuruhusiwa kuinunua Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC. Tanzania tumo, Kenya mmo, karibu Afrika yote ukitoa Afrika Kusini. Sababu ni kwamba Sony hawakua na duka la PSN, mtandao wao wa PlayStation, kwenye hizo nchi na gemu ilikua inataka akaunti ya PSN, tena kwa ule upande wa kucheza na wenzako tu, hadithi yenyewe unacheza peke yako, ila wakafunga yote. Ilianza na Helldivers 2, gemu nyingine ya Sony, wiki mbili nyuma, wachezaji wakaiponda hio gemu kule Steam kwa tathmini mbaya kutoka dunia nzima mpaka Sony wakarudi nyuma kuhusu ile akaunti.

Sasa wenye PS5 huku tunafanyaje? Kila mtu anajua. Unafungua akaunti unaandika unaishi Afrika Kusini au Marekani, unajaza mtaa, unajaza namba ya nyumba, unanunua kadi ya huko. Kwaiyo shangazi namba ya mlangoni kwangu Dar haijawahi kunifungulia kitu, ila naijua kwa moyo namba ya nyumba ya Johannesburg ambayo sijawahi kuiona na Mungu anajua nani anaishi humo.

Na baada ya yote hayo gemu sio yako. Tafuteni habari za The Crew. Gemu ya magari, 2014, openi woldi ya Marekani nzima, unaanzia Detroit unaendesha mpaka Los Angeles. Ilikua lazima uwe na intaneti hata ukicheza peke yako. Machi 31 mwaka 2024 Ubisoft wakazima seva, nchi nzima ikapotea, aliyenunua CD kabaki na sahani ya kuwekea kikombe. Ndo ikaanzishwa kampeni ya Stop Killing Games ya kuzuia gemu kuzimwa hivyo, na ombi lao la Ulaya Julai 2025 lilishavuka sahihi milioni moja. Huku tulivyo na TV za kichogo, CD ya San Andreas iliyokwaruzwa tukaipaka dawa ya meno, ilikua yetu.

kijana_wa_Majohe

dawa ya meno inafanya kazi kweli au nyie wazee mnatudanganya

mzee_wa_kichogo

Inafanya. Colgate nyeupe, sio ile ya jeli. Unafuta kutoka katikati kwenda nje usizungushe

Pikipiki_ya_Mkopo

Fundi umenikumbusha kitu, ile Detroit mpaka Los Angeles kuna jamaa mmoja alikua anaiweka anaendesha tu, hana misheni, hana anapoenda. Tulimuona chizi. Sasa ile barabara mwenye nayo kaifunga na hio inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza hapa, maana Los Santos yangu bado ipo, ninaweza kurudi jioni hii nikitaka, Cluckin' Bell iko pale pale kwenye kona.

Kijana wa Majohe kama unataka kujaribu ninachosema usinunue kitu. Chukua San Andreas, hata ya simu, ifunge ramani ya kona kwa kipande cha karatasi na soloteipu, cheza wiki moja. Siku ya kwanza utanitukana. Siku ya tatu utaanza kusema "kwa kinyozi nakata kushoto".

Wakuu naomba niwaache kidogo, simu imeita, kuna mzigo wa Kinyerezi. Mteja katuma lokesheni hapa naiangalia, kidoti kimekaa katikati ya mto Msimbazi.

Shangazi_wa_Kimara

Muulize namba ya nyumba!

Pikipiki_ya_Mkopo

Nimemuuliza shangazi. Kasema subiri atoke nje akaangalie.